Walinitoa Kwenye Listi, Minh, Lakini Sijatoka

Minh, ndugu yangu wa Haiphong, bingwa wa kubeba friji kwa pikipiki,

Salamu nyingi kutoka Bukavu. Barua hii naandika kwa Kiswahili makusudi. Programu ya urafiki wa wanafunzi kwa video ilisema tuongee Kifaransa tu, lakini mimi si wa programu tena, kwa hiyo Kifaransa chao wabaki nacho. Telefone yako itakutafsiria. Tena nimeituma kwenye grupu nzima, kwa telefone ya dada yangu Furaha, maana yeye hawakumutoa kwenye grupu, ili kila mutu asome, hata Madamu kordinatrisi, musimamizi wa programu. Yeye alinitoa mbele ya watu. Na mimi namujibu mbele ya watu.

Wiki tatu hujanijibu. Najua walikupatia mwenzako mupya, mwanafunzi wa kweli, mwenye karte ya université. Nimemuona, anavaa tai hata Jumamosi. Mupe salamu. Muulize kama anajua kwamba unaogopa kuku.

Wewe habari unaijua, lakini wengine wanasoma, acha nianzie mwanzo. Aliyeandikishwa ni Furaha. Yeye iko université. Mimi niliacha shule mwaka wa tatu wa sekondari, na shule ilibaki palepale, haijawahi kuja kuniuliza habari. Kila Jumamosi saa tisa ya muchana, kwenu saa mbili ya usiku, Furaha alipaswa kuongea na wewe kwa video, kila mumoja aonyeshe maisha ya kwao. Lakini mimba ilimusumbua, akiangalia skrini anatapika. Akanisukumia telefone: "Kaa pale, itika jina langu, na usiniaibishe." Furaha ni jina la dada na la kaka, hakuna aliyeuliza. Wewe peke yako nilikuambia ukweli wiki ya pili, ukacheka mpaka ukaanguka kitandani.

Unakumbuka siku ya pikipiki? Nilikuambia hakuna muji wenye madereva kama Bukavu. Nikashuka mujini pale Nyawera, nikakuonyesha moto, ile pikipiki ya taksi, iliyobeba mama mumoja, watoto wawili na mbuzi. Ukatazama kama mutu anayetazama mvua. "Mbuzi anaweza kutembea mwenyewe," ukasema. "Sisi tunabeba friji." Ukanitumia picha. Friji, Minh! Ya milango miwili! Nikamuita Maman aje ahesabu milango mwenyewe.

Na siku ulijaribu kupika bugali kwa unga wa muchele? Ile haikuwa bugali, ndugu yangu. Maman alichungulia skrini akauliza, "Nani anaumwa kwao?" Lakini ulimuinamia kwa heshima, mikono miwili kifuani, na yeye akanigeukia: "Unaona mutoto aliyelelewa?" Tangu siku ile kila nikikosea hapa nyumbani nalinganishwa na mutu ambaye hajui hata kusonga bugali.

Halafu ile Jumamosi umeme ulikatika, koneksyo ikafa. Nilipanda kilima kutafuta rezo ya telefone, dakika arobaini nzima. Nilipoipata, ulikuwa bado pale, unasoma kitabu mbele ya kamera. Nikakuuliza kwa nini haukuzima. Ukasema, "Ulikuwa hujasema kwaheri." Nikakaa juu ya jiwe palepale kilimani, tukaongea mpaka batri ikaisha.

Sasa tufike Katana. Furaha alikuwa kule kwa wakwe zake, na uchungu ukaanza Jumamosi, saa yetu ileile. Nilikaa kwenye benchi ya koridoo ya materinite ya hospitali, telefone mukononi, kwa sababu ulisema, "Usikate, tungoje wote." Madamu aliingia kwenye video kusikiliza, kama alivyokuwa anafanyaga. Mada ya wiki ilikuwa familia, alikuwa anafurahi tu. Mara mulango ukafunguka, kilio cha mutoto kikatoka, na muuguzi akapaza sauti:

"Familia ya Furaha iko wapi? Furaha amejifungua! Mutoto mwanaume!"

Madamu akavua miwani. "Furaha amejifungua? Furaha si ni wewe?"

"Ndiyo, Madamu," nikasema. "Lakini niko muzima, sisikii maumivu."

Wewe ulijificha chini ya meza kucheka. Madamu hakucheka.

Kesho yake nilitolewa. Waliandika kwamba mimi ni mushiriki asiyestahili, na kwamba Minh akiendelea kuongea na mimi atakosa sertifika yake. Afishi yao ya ukutani inasema urafiki hauna mipaka. Kumbe mupaka uko, tena uko pale kwenye mulango wa biro ya Madamu! Nilidanganya jina, nakubali, na nilimuomba samahani kwa ajili ya jina. Kwa mengine simuombi. Mbuzi alikuwa mbuzi wa kweli. Maman ni Maman wangu wa kweli. Na ulipoanguka mutihani, ukazima kamera nisione unalia, aliyekuimbia vibaya mpaka ukamuomba anyamaze ni mimi. Haikuwa listi.

Sikuombi upoteze sertifika. Ichukue, uitundike ukutani, nusu yake ni kazi yangu. Lakini Ijumaa hii wanawapatia, na programu inaisha. Jumamosi hakuna listi, hakuna Madamu, hakuna wa kukukataza. Hapo nitajua kama ulikuwa rafiki wa programu ao rafiki yangu.

Na kabla ya kuchagua, sikia jambo ambalo hawawezi kulifuta. Siku ile ya Katana, baba mukwe wa Furaha alimupakata mutoto akauliza nani walikuwa pale alipolia mara ya kwanza. Nikasema, "Mimi na Minh." Muzee akauliza, "Huyo Minh iko wapi?" Nikamuonyesha telefone. Madamu alikuwa ameshakata video, lakini picha yako ilikuwa pale. Muzee akaitazama, akarekebisha kofia yake, akasema, "Alingoja pamoja na sisi. Mutoto aitwe yeye."

Furaha akakubali, mume wake akakubali. Jina la mutoto ni Minh.

Kwetu mutu anayebeba jina lako ni ndoyi yako, na ndoyi si muchezo. Wewe ni wa nyumba sasa. Akikua utamugombeza, ukija utamuletea nguo, na akikuita lazima uitike. Nywele zake zimesimama kama zako asubuhi, na akilia ni honi ya moto pale Nyawera. Mwambie Madamu atafute karatasi ya kumutoa huyo.

Jumamosi, saa yetu ileile, familia inakusanyika Katana kuonyeshwa mutoto. Muzee ameagiza kiti cha ndoyi kiwekwe karibu na Furaha, na amekataza mutu yeyote kukikalia, hata mimi. Juu yake nitaweka telefone, batri imejaa. Koneksyo ikikataa, nitapanda kilima. Skrini ikiwa nyeusi, nitaiacha nyeusi hivyohivyo mbele ya wakwe wote, wanicheke wanavyotaka. Hujasema kwaheri, Minh, kwa hiyo sizimi. Na mimi hapa neno kwaheri siliandiki.

Ila usiningojeshe dakika arobaini kama mimi nilivyokungojesha. Mimi sikuzoea vitabu.

Ni mimi,
tonton, mujomba wa ndoyi yako