Kipimo cha Mkono wa Waridi

Msambweni, Kwale
15 Novemba 1964

Mpendwa ndugu yangu Zahoro,

Asalaam alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na mkeo Dama, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kwa baridi ya Nakuru kimepoa. Sisi huku hatujambo, ila magoti yangu, na hayo umekwisha kuyazoea. Mvua ya vuli imenyesha vizuri na mikorosho inaangusha.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliisoma mwenyewe, kisha nikamwita binamu yetu Haji anisomee tena, nikidhani labda macho yangu yamekosea. Hayakukosea. Wamtaka mwanao Waridi aje akae nanyi huko, aanze shule Januari, na wataka nikutumie kipimo cha mkono wake ili Dama amnunulie bangili ya fedha, mtoto akifika akute zawadi yake.

Neno la bangili nitalijibu kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi.

Ile uliyompa Haji amletee mtoto mwezi uliopita haikumwingia mkononi. Zahoro, ile ni bangili ya mtoto anayetambaa. Ulimwacha mgongoni mwangu siku tulipomzika mama yake, marehemu Biasha, na kichwani mwako yungali mgongoni. Sikulaumu sana. Nakulaumu kidogo. Alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Tukapaka sabuni, ikafika kwenye mizizi ya vidole ikakwama, tukaitoa kwa mafuta ya nazi. Hapo akalia, na si kwa maumivu. Alidhani kosa ni la mkono wake. Kutwa aliuficha ndani ya leso yangu, nami nikamwambia babako haoni vizuri, Mungu anisamehe.

Tena waniambia nimpime kifundo cha mkono. Nani kakufundisha hayo? Kifundo hupimwa kwa bangili yenye kufunguka. Hii isiyo na mlango yataka njia ya kupita. Mtoto hukunja kidole gumba ndani ya kiganja, kama anayeficha senti, na uzi huzungushwa pale mkono ulipo mpana kuliko pote. Mwambie sonara aongeze upana wa punje ya mchele, maana huyu anakua upesi. Isiwe pana mno ikamponyoka akichota maji, wala isimbane ikaja kukatwa kwa tupa.

Haya, jepesi limekwisha.

Nilikasirika, ndugu yangu. Nilitaka kukuuliza ulikuwa wapi alipougua surua, na nani aliyemfundisha Alhamdu, na nani anayejua kwamba akinyamaza sana ndipo ana njaa. Yote hayo niliyaandika kwenye karatasi nyingine, nikaitia jikoni ikaungua. Kisha nikakaa nikafikiri. Wewe ni babake. Shule ya huku ni mbali kwa miguu yake, na mimi sina la kumfunza zaidi ya kusuka mkeka na kukuna nazi. Nilimwuliza Haji, nikamwuliza na mwalimu wake wa chuo cha Kurani, wote wakasema mtoto aende akasome. Nilitumaini hata mmoja wao atasema asiende.

Mimi sikuzaa, wajua. Waridi huniita mama, na sikumfundisha, alianza mwenyewe. Dama akitaka naye aitwe mama sitii neno, ila asimlazimishe, neno lenyewe litakuja likitaka. Moyo umenivunjika, Zahoro. Nakwambia wazi ili usije ukadhani nimekubali kwa wepesi.

Sasa nisikilize, au mpe Dama asome mwenyewe. Waridi hali samaki bila ndimu. Radi humtisha, na huko kwenu milimani nasikia hupiga sana, basi asilale chumba cha peke yake mwanzoni. Siku za kwanza atasema ameshiba kwa haya tu. Msimwamini, mwongezeeni. Nywele zake zataka mafuta kabla ya kitana, la sivyo mtagombana kila asubuhi kama tulivyogombana sisi.

Haji atamleta mwisho wa Desemba. Watapanda gari moshi Mombasa. Tafadhali njooni stesheni nyote wawili, wala msimtume mtu. Mtoto huyu amekwisha kuletewa vitu kwa mikono ya watu vya kutosha.

Nisalimie Dama sana, umwambie sina kinyongo naye. Msalimie na mzee Kombe, jirani yenu, kwa wema aliokutendea ulipokuwa mgeni. Huku wanakusalimu Haji na bibi Mishi, ambaye bado anauliza kama Nakuru kuna muhogo.

Uzi umo humu ndani ya barua. Ni uzi wa kushonea nyavu, haurefuki ukivutwa. Utaona una mafundo mawili. La kwanza, lililo karibu na ncha, ndilo mkono wa Waridi. Nilipomaliza kumpima aliniambia nimpe na mimi mkono wangu. Akanikunja kidole gumba mwenyewe, akauzungusha uzi uleule, akafunga fundo la pili, ili baba anunue mbili za kufanana tuzivae stesheni. Anadhani twenda sote. Amekwisha kuniambia niketi upande wa dirisha, maana yeye ataona kupitia mabegani kwangu. Sijamwambia bado. Kila nikifungua kinywa nasema jambo jingine.

Mwonyeshe sonara fundo la kwanza tu. Hilo la pili ningelifungua kabla ya kutia uzi katika bahasha, lakini amelifunga yeye, na mikono yangu imekataa.

Mola awahifadhi, awape subira na mtoto, na mtoto ampe subira nanyi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,

Tumu