Jogoo Aitwaye Bi Harusi

4 Februari

Kwako Bibi,

Shikamoo. Natumaini safari haikukuchosha na shangazi anakushika kama yai. Sisi hatujambo, isipokuwa mafua ya Baba, ambayo mwenyewe anasema si mafua.

Wamepanga lini kukutoa huo mtoto wa jicho? Mama anauliza kila siku kwa sauti, na mimi nauliza kimoyomoyo.

Vifaranga wako kumi na mmoja ni wazima, wameingia wiki ya saba. Uliniagiza nikuambie pora wangapi na tetea wangapi. Nimewakodolea macho mpaka wao wameona haya. Mwalimu wa baiolojia anajua jina la kila mfupa wa kuku kwa lugha ya shule, lakini nilipomwuliza (kwa kikaratasi) pora na tetea, yaani dume na jike, wanajulikanaje, alinijibu kwamba hilo halimo kwenye mtihani.

La pili ni Bi Harusi. Bibi, jogoo wako ananichukia. Nikifungua banda asubuhi namkuta ameshusha bawa moja, ananizunguka kama mlevi anayetafuta ugomvi. Nifanyeje?

Mjukuu wako


15 Februari

Mke mwenzangu,

Marahaba. Anaandika shangazi yako, mimi nasema tu, kwa hiyo yakikosewa maneno umlaumu yeye. (Usimlaumu mtu. – Shangazi)

Mimi mzima. Upasuaji bado. Siku waliyoniita tumbo lilinikata, nikashindwa kwenda.

Vifaranga usiwatazame mmoja mmoja, watazame wote wakiwa wanakula. Pora, upanga wake wa kichwani huwahi kuiva, mwekundu, na miguu yake minene. Anasimama wima kama askari aliyeitwa jina. Tetea upanga wake bado ni kamstari ka njano. Ukiwa na shaka, subiri wiki ya kumi na mbili umshike manyoya ya kiunoni. Ya tetea yana ncha ya duara, ya pora yamechongoka. Haraka ndiyo iliyofanya jogoo aitwe Bi Harusi, na uliyecheka kuliko wote ni wewe.

Na huyo bwana, usimkimbie wala usimpige teke. Ukikimbia umemwambia ameshinda. Ukimpiga umekubali ngumi. Mwendee polepole mpaka akupishe. Asipokupisha, mbebe. Mbane mabawa chini ya kwapa, kisha fanya kazi zako naye hapo hapo: osha vyombo vya maji, okota mayai, mpaka atulie. Jogoo akishabebwa mbele ya wake zake hana la kusema.

Mke mwenzako


24 Februari

Kwako Bibi,

Shikamoo. Tumbo linaendeleaje? Hapa salama.

Nimewatazama wakila. Pora ni watano, tetea watano, na mmoja hataki kusema.

Bi Harusi nimembeba, jana na leo. Ametulia kabisa. Hata Baba ameshangaa.

Wamekupa siku nyingine?

Mjukuu wako


9 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba, marahaba mara mbili. Nimewatangazia watu wa nyumba hii wote, hata muuza mkaa, kwamba mjukuu wangu asiyeweza kusalimia watu watatu kwa pamoja amembeba Bi Harusi. Shangazi yako amechoka kunisikia. (Kweli. – Shangazi)

Waliniita Alhamisi. Nilishikwa na kizunguzungu, tukageuza njiani. Tutaona.

Huyo asiyetaka kusema, mwache. Atasema.

Mke mwenzako


20 Machi

Bibi,

Shikamoo. Leo naanza na jambo lenyewe kabla sijaishiwa na ujasiri. Habari zako nitauliza mwisho.

Sijawahi kumbeba. Hata siku moja. Natupa mahindi juu ya wavu, nafungua mlango wa banda kwa ufito, nakimbilia jikoni. Mayai nayaokota akiwa upande wa pili. Kila asubuhi ananishinda, na kila asubuhi anajua.

Jumanne nilikimbia nikaacha geti la ua wazi. Bi Harusi akaingia kwa jirani yetu, Mama Pacha. Pacha mdogo alikuwa amekaa chini anakula, jogoo akamrukia, akamchana shavu, upana wa kidole kimoja chini ya jicho. Jeraha linapona. Mama Pacha alikuja kwetu na hakufoka, bora angefoka. Alisema tu, "Jogoo lenu halina mwenyewe." Baba amesema Jumapili ya wiki ijayo anachinjwa.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu geti. Wote wanasema ni upepo. Nimekaa kimya, si unanijua, nikiwa kimya hakuna anayeshangaa.

Ningeweza kuyaandika haya kwa lugha ya shule bila kuona haya. Kule maneno ni kama nguo za kuazima, yakichafuka si yangu. Kwa lugha yetu kalamu inanichoma. Ndiyo maana nimeandika kwa hii.

Nisamehe. Kizunguzungu kimepungua?

Mjukuu wako


28 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimesomewa barua yako mara mbili. Sina hasira. Ngoja na mimi niseme yangu, na shangazi yako aandike kama ninavyosema, asiruke hata neno.

Kwa Bi Harusi sikufanya haraka. Mwaka juzi nilimshika yule kifaranga, nikamgeuza kwenye jua, na upanga sikuuona. Niliona ukungu. Nikakisia. Nikasema tetea, nikampa jina, nikamlea jikoni nikimlisha mkononi kila siku. Pora halelewi hivyo. Akikua hamwogopi mtu, humwona mtu ni jogoo mwenzake. Ukali ule nimemfundisha mimi kwa mkono huu huu. Siku alipowika mlicheka, nikacheka nanyi, kisha nikaenda kukaa nyuma ya banda peke yangu, maana nilijua macho yanaondoka. Sikumwambia mtu.

Na tumbo halikuuma. Kizunguzungu nilikitunga. Naogopa kisu kwenye jicho, mama. Nalala natazama juu nakiona kinakuja.

(Niliweka kalamu chini kidogo. Sikuwa nikijua. – Shangazi)

Bi Harusi achinjwe au asichinjwe, amua wewe na baba yako. Wewe uko hapo na unaona. Lakini la geti liseme.

Bibi yako


6 Aprili

Kwako Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ndani ya banda, mahali pekee ambapo hakuna anayekuja kuniuliza nasoma nini.

Nilimwambia Baba. Akanitazama sana. "Kumbe huo upepo una miguu," akasema, kisha: "Na nani atamwambia Mama Pacha?" Nikasema mimi. Nikaomba kwanza nimshike Bi Harusi, na Baba akachukua tupa ya kunolea majembe.

Nilivaa mabuti ya Baba. Bi Harusi alirukia buti la kulia mara tatu, pu, pu, pu. Nilikuwa nalia, Bibi, lakini sikurudi nyuma. Nikamwendea. Mara ya nne nikainama nikambana mabawa. Ni mwepesi! Yote yale ni manyoya na kelele. Moyo wake ulikuwa unapiga haraka kuliko wangu.

Tukaenda kwa Mama Pacha hivyo hivyo, mimi na jogoo kwapani, Baba nyuma na tupa.

"Si wewe usiyesalimia watu njiani?" akaniuliza.

"Ni mimi. Shikamoo. Geti niliacha wazi mimi."

Akamtazama jogoo. "Na huyo anaitwa nani?"

"Bi Harusi."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Pacha mdogo hakucheka. Alibaki ameshika gauni la mama yake, kovu lake jekundu bado, na hakusogea mpaka tulipoondoka.

Pale uani Baba alimsugua jogoo kwa tupa vipi vya miguuni, ile miiba anayopigania, vikawa butu kama ncha ya kidole. Mimi ndiye niliyeshika. Mama Pacha akasema, "Yeye simwamini. Nimekuamini wewe. Akitoka tena sitakuja kuongea." Kwa hiyo Baba amemjengea Bi Harusi uzio wake, na sharti ni moja: kuingia humo kila asubuhi ni mimi, si mtu mwingine. Nikikimbia hata siku moja, kisu.

Leo ni siku ya sita. Mikono ilitetemeka siku ya kwanza na imetetemeka leo. Nilidhani hofu itaisha ndipo nishike. Haikuisha. Nashika hivyo hivyo.

Wakikuita tena, Bibi, nenda hivyo hivyo.

Mke mwenzako


25 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba. Leo naandika mwenyewe, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Niliingia natetemeka. Daktari akauliza, "Bibi, una baridi?" Nikamwambia, "Nina woga, fanya kazi yako." Wamefanya la kulia. La kushoto ni mwezi wa saba.

Walipofungua bandeji, mtu wa kwanza niliyemwona alikuwa shangazi yako. Ana mvi! Mbele ya kichwa pote. Nikamwuliza zimeota lini, akasema zamani, Mama. Tukashikana mikono.

Nafika Jumapili na basi la asubuhi. Uso wako nimeukisia miaka miwili kwa kusikiliza sauti, na sauti yenyewe huitoi. Nikiingia, usijifiche nyuma ya mama yako. Simama mlangoni penye mwanga, tetemeka ukitaka, nikutazame mpaka nishibe.

Bibi yako