Habari ya Mpira Usimpe Ngina

Kianda, Kibera,
Nairobi.
9 Machi 2008

Mpendwa dada Mwongeli,

Sasa dada? Uko poa, na watoto je? Mvua imeanza huko Mwingi ama bado mnaangalia mawingu tu? Sisi tuko hai, na kwa mwaka huu hiyo si kitu kidogo. Tumesharudi nyumbani. Mlango ulivunjwa, lakini cherehani yangu Collins alikuwa ameihamisha mapema, kwa hivyo mwambie mama aache kulia.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za ploti hii ni mabati, na haya si ya majirani. Ile bawasiri niliyokuambia, nimefanyiwa operesheni. Nakaa upande upande, na nikienda chooni bado nalia. Lakini nitapona, usiwe na wasiwasi.

Sasa wacha nikwambie ya huyu wifi yangu Ngina. Fujo za uchaguzi zilipoanza tulikimbilia kwake Kabiro, na damu ikaanza kunitoka. Nikamwambia yeye peke yake, mwanamke kwa mwanamke, anisindikize hospitali barabara zikifunguka. Akaitikia vizuri kabisa. Jumapili kwa maombi ya amani, Ngina akasimama mbele ya kanisa zima: tuombee nchi, tuombee waliochomewa nyumba, na tuombee makalio ya Mukai, mke wa ndugu yangu, yanatoka damu. Woi! Kanisa likasema Amina. Collins naye, mume wangu, akasema Amina!

Barabara zilipofunguka akanizuia. Eti nikienda kwa daktari baada ya kuombewa nitamwaibisha Mungu. Mungu gani? Ni yeye angeaibika, alikuwa ameshatangaza nimepona! Na mimi mgeni kwake, mjinga, nikakaa hapo nikivuja damu mpaka tukarudi Kianda.

Daktari alinipima akatikisa kichwa. Alisema ukiwahi, wanakudunga sindano ya kukausha, ama wanafunga kile kinyama na kampira kadogo, kinakauka na kuanguka chenyewe, na siku hiyo hiyo unaenda zako nyumbani. Changu kilikuwa kimetoka nje kikakataa kurudi. Ilibaki kisu.

Sasa sikia. Juzi Ngina alikuja kuniona, akaniletea ndizi. Akauliza kwa sauti ya chini walinifanya nini, na kama inauma. Naye alikuwa amekaa upande! Alipoinuka nikaona damu kwa leso aliyojifunga. Haki nilifungua mdomo nimwambie aende hospitali leo leo, bado anawahi. Halafu nikakumbuka ile Amina. Nikamweleza habari ya kisu peke yake, polepole, na nilivyopiga nduru chooni nikamwigizia. Ya mpira nikameza. Akatoka akisema heri aendelee kuomba.

Mungu anisamehe akitaka. Mimi sijutii hata kidogo. Nataka alale kwa kile kitanda cha hospitali nilicholalia.

Najua atakutafuta, kwa vile wewe unafanya kazi zahanati. Mwambie hujui lolote. Ukinisaliti kwa hili, usiniite ndugu yako.

Nisalimie mama, na watoto wako Kaloki na Nthenya wakirudi kutoka shuleni. Mungu awape mvua na awatunze. Ngina akipiga simu, msalimie sana. Mwambie tunamwombea.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Mukai