Mshono wa Nanga

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungua duka, nimetia cherehani mafuta. Mabega yanauma tangu asubuhi. Kamba za sidiria zimechimba mifereji. Mteja mmoja amesifu kifua changu. Angekibeba yeye, hata kutoka hapa mtaani Fedha hadi steji ya matatu tu! Kesho kutwa daktari. Naogopa.

Jumatano, 5 Machi
Daktari amenichorea njia tatu za kupunguza matiti. Mkato wa duara kuzunguka chuchu. Duara na mstari mmoja wa kushuka. Au huo mstari uongezewe mkato chini ya titi, mfano wa nanga. Nikachagua duara, haraka haraka. Fundi nguo yeyote anajua mishono michache ndiyo kazi safi. Akacheka. Duara kwa titi zito kama langu litajikunja, na kovu litavutwa na kutanuka. Basi, nanga. Chuchu itabaki imeshikana na nyama yake, huenda nikanyonyesha. Lakini damu isipofika vizuri, ataikata aipandikize upya. Hapo maziwa yamekwisha. Hilo litajulikana nikiwa nimelala kwenye meza ya upasuaji. Na mtoto bado hatujapata.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshona blauzi ya kifua changu kipya. Mama mkwe akaingia dukani, akashtuka.
"Ai! Hata nguo za mtoto hatushonangi kabla azaliwe!"
Nilimcheka. Alipotoka nikaifumua yote. Nikajikata kidole kwa wembe.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani sikusikia mahubiri. Mume wangu Kamau anasema niache upasuaji, maumivu tumeyazoea. Tumeyazoea! Mgongo ni wake au ni wangu? Nimemkasirikia mchana kutwa, maana nusu yangu inataka kuacha.

Jumatano, 12 Machi
Niko wadi ya hospitali. Daktari amenichora kifuani kwa kalamu nikiwa nimesimama, kama mimi na chaki yangu. Mimi nikikosea, hununua kitambaa kingine. Wanakuja kunichukua. Naogopa. Naogopa sana.

Ijumaa, 14 Machi
Mabega mepesi, kama si yangu. Daktari hakulazimika kupandikiza. Muuguzi amebadilisha bandeji, akapitisha pamba yenye dawa kwenye chuchu. Kulia nimehisi baridi. Kushoto, hakuna kitu. Anasema bado ni mapema. Nimemwomba arudie kushoto. Amerudia, polepole. Nimefumba macho, nikiisubiri baridi.