Perege Kumi na Mmoja Waliopinda Mgongo

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, Wilaya ya Temeke

Jina: Twalib Marijani Pazi
Umri: Miaka 58
Kabila: Mzaramo
Dini: Mwislamu
Kazi: Mvuvi wa bwawani
Makazi: Mtaa wa Bondeni kwa Mlawa, Mbagala
Tarehe: 23/09/2025, saa 3:20 asubuhi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu.

Nakumbuka mnamo tarehe 11/03/2025, saa 12:40 asubuhi, nilikuwa kwenye bwawa lililo nyuma ya karakana ya kuyeyushia betri za magari. Alikuja binti wa chuo, Herieth, akanipa shikamoo. Alisema anachunguza kama maji machafu ya karakana yanawadhuru samaki. Aliniomba perege kumi na wawili, "wowote watakaoingia, mzee, usichague." Kisha akaenda upande wa bomba kujaza maji kwenye chupa zake.

Nilivuta wavu, nikapata perege ishirini na watatu. Kumi na mmoja walikuwa vilema: migongo imepinda, mmoja jicho limetokeza nje kama gololi. Sikushangaa. Tangu karakana ifunguliwe, mwaka wa nne sasa, tunawapata hivyo. Lakini niliona aibu. Bwawa lile alivua baba yangu, na mie nimelelewa kwamba mgeni unampa kilicho kizuri. Nikamwekea Herieth wale kumi na wawili walionyooka, vilema nikawafunika kwa majani. Aliporudi aliuliza, "Mbona wazuri hivi?" Nikamjibu, "Ndio samaki wetu hao, mwanangu." Nilivimba kichwa kabisa. Mjinga mimi. Afande ameniuliza wale vilema niliwafanyaje. Niliwatupa.

Tarehe 02/06/2025, saa 10:00 jioni, kwenye mkutano wa mtaa, ilisomwa taarifa ya uchunguzi wa Herieth kwamba samaki wa bwawa lile hawana ulemavu wowote. Karakana ikaruhusiwa kuendelea. Jirani yangu Bi Mwanakombo, anayemlea mjukuu wake Raudha, miaka mitano, alisimama akasema, "Nyie, huyu mtoto siku hizi mikono inamtetemeka, hata kikombe hakishiki. Hapo bwawani kuna ishu." Mwenye karakana akamwambia alete ushahidi. Ushahidi nilikuwa nao mimi. Nilikuwa nimekaa nyuma ya Bi Mwanakombo, natazama kandambili zangu.

Tarehe 19/09/2025 Raudha alilazwa. Daktari amesema damu yake ina madini ya risasi mengi mno. Kama yametoka kwa samaki au kisimani, sijui, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba ningesema siku ile ya mkutano, watu wangeacha kula samaki wa pale tangu Juni.

REKEBISHO
Baada ya kusomewa, naomba sentensi moja ibadilishwe. Nimesema wale kumi na mmoja niliwatupa. Si kweli. Niliwakata vichwa na mikia, nikawapasua vipande vidogo ili mgongo usionekane, nikampelekea Bi Mwanakombo kwenye beseni. Hana mtu wa kumvulia. Nilifanya hivyo kila nilipowapata, karibu kila wiki, na nyumbani kwangu sikuwapika hata mara moja. Beseni alikuwa akilirudisha Raudha. Halikuwahi kurudi tupu. Siku ile ya Herieth lilikuwa na vitumbua vinne. Nilivila.

Niliyonayo ni hayo. Nimesomewa, nimeyaelewa, natia sahihi.

Sahihi: T. M. Pazi

MPOKEAJI WA MAELEZO
Nimeyaandika mimi, Koplo Fredrick, hadi saa 5:05 asubuhi. Rekebisho limeandikwa mbele ya shahidi, naye ametia sahihi pembeni. Ameomba Bi Mwanakombo asisomewe haya na askari. Amesema atakwenda hospitali kumwambia mwenyewe, leo hii. Natoka zamu saa 8:30 mchana. Bado amekaa kwenye benchi la nje.