Pilau ya Mwanaidi

Mjukuu wangu Zuhura,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Sie huku Temeke wazima, mama yako kashapona malaria.

Unauliza kwa nini chuoni wanawalazimisha nyote kuandika majibu ya picha za wagonjwa kwa mpangilio mmoja.

Marehemu dada yangu Mwanaidi alipopigwa picha ya titi mara ya kwanza, waliandika ukubwa wa uvimbe kwa sentimita. Alipopigwa tena hospitali nyingine, wakaandika tu, "Uvimbe si mkubwa." Tukatulia. Tukapika pilau ya shukrani, mwenyewe akawapakulia majirani. Miezi ikapita, daktari wa upasuaji akauliza, "Uvimbe ulikuwa umekua au umepungua?" Majibu yale hayakusema. Saratani ilikuwa imeshasambaa.

Hata mpangilio ukikuchosha, mama, usiache kuandika vipimo. Sufuria ile tuliyopikia ninayo bado. Pilau sijapika tena.

Bibi yako