Kikosi Kilichozibiwa Njia Longido

Levolosi,
Arusha.
14 Novemba 1993

Mpendwa binamu Saadi,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Leicester, na kile kikohozi cha baridi kiwe kimekuachia. Sisi hatujambo. Mvua za vuli zimeanza na Mlima Meru hatujauona tangu Jumatatu. Maulida wangu ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Mama yako, shangazi yangu, analalamikia magoti, lakini kwa maneno bado hatumwezi.

Umeniuliza kwa nini kaka yako Jamaldini ameacha kukuandikia, na umemkosea nini. Hujamkosea kitu. Mkosaji ni mimi, Saadi, na tangu asubuhi natafuta pa kuanzia.

Unaukumbuka ule mchezo wa vita uliotutumia, wa Wajerumani na Waingereza kupigania huku kwetu, wenye ramani iliyogawanywa vyumba vya pembe sita kama sega la nyuki. Kitabu cha kanuni ni cha Kiingereza, na kaka aliishia darasa la saba. Basi nilimtafsiria kanuni zote kwenye kaunta buku. Alipopunguzwa kiwandani, mchezo ule ndio uliomtoa kitandani. Daftari langu alilishika kama katiba.

Siku moja mwaka jana nilikifurusha kikosi chake pale Longido. Kanuni inasema kikosi kilichoshindwa kirudi nyuma vyumba viwili, wala kisiingie chumba kinachopakana na adui. Njia yake pekee ilikuwa ya Ngare Nanyuki. Chumba kile kilipakana na kikosi changu cha farasi, lakini ndani yake walikuwamo askari wake mwenyewe. Hapo kitabu kimenyamaza. Mimi nikasema njia imezibwa, kikosi kimekufa.

Kaka akakataa. Alisema, “Mtu anakimbilia kwao, mlangoni amesimama ndugu yake. Atakosaje kupita?” Loishiye na Reginald, majirani waliokuwa wakitazama, wakacheka. Nikawasomea kaunta buku, nami ndiye niliyeliandika. Akakitoa kikosi, vita ikamwendea kombo, nikashinda. Ila alisema tukuulize wewe, mwenye mchezo, na swali aliliandika kwa mkono wake.

Ukajibu, Saadi. Ulituandikia sote wawili kwamba kaka ndiye mwenye haki, penye mwenzako unapita, na matokeo yale yafutwe. Nikaisoma nikiwa bado nimesimama posta, maana ufunguo wa sanduku ulikuwa kwangu. Tangu utotoni sijawahi kumshinda kaka kwa lolote, si mpira, si bao, si drafti. Mtaa mzima ulikuwa ukiniita Jenerali. Nikaikunja barua yako nikaificha kwenye droo ya cherehani ya Zamda.

Kaka aliniuliza mara tatu kama umejibu. Mara zote tatu nilimwambia bado. Barua zako nyingine nilimpelekea, naye akawa anasema, “Habari za theluji ana muda wa kuandika, swali langu moja hana.” Alijiona amedharauliwa na mdogo wake kwa kuwa hana kazi. Nilimwona akiumia nikanywa chai yangu. Uliposema unakuja Januari, alitamka mbele ya mama yenu kwamba hataenda kukupokea uwanjani. Shangazi alilia, nami nilikuwepo.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imenichukua mwaka na nusu. Juma lililopita Zamda alikuwa akitafuta sindano akaikuta barua. Hakunigombeza. Aliiweka mezani karibu na sahani yangu akaenda zake jikoni.

Jana nilikwenda Tengeru, siku ya gulio, kaka anakouzia mitumba siku hizi. Nilimwamkia shikamoo, nikampa barua yako. Aliisoma mara mbili. Akauliza, “Ulikuwa unaniona ninavyoumia?” Nikamjibu ndiyo. Akamgeukia mteja, akamuuzia koti, akamrudishia chenji bila kukosea. Kisha akaninyooshea mkono akasema, “Lete ufunguo wa sanduku.” Nimempa. Hakunitukana, na ningefurahi angenitukana.

Kwako naomba radhi, ndugu yangu. Nilikutia ubaya nyumbani kwenu nawe uko mbali huwezi kujitetea. Usinijibu haraka kama moyo haujataka. Bahasha hii siifungi, nampelekea kaka aisome kwanza. Akiona inafaa ataipeleka posta mwenyewe, akiona haifai ataichana.

Mama yako anakusalimu sana, na Zamda, na Maulida mwenye meno yake. Loishiye anauliza kama huko kuna nyama ya kuchoma. Mwenyezi Mungu akulinde, na akufikishe nyumbani kwa watu wanaokustahili.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye ingawa sikukutendea hivyo,

Khalfani

Saadi,
Nimeisoma yote. Uwanjani nitakuja mimi. Huyu tutakuja naye abebe mizigo. Kile kikosi cha Longido nimeshakirudisha kwenye ramani, kiko Ngare Nanyuki na wenzake.
Kaka yako, Jamaldini